Kwa Wazazi na Walimu: Kijana Mwenye Saratani

Mwezi huu twataka kunena juu ya saratani, ugonjwa ambao watu wengi huuita kansa, na hasa juu ya vijana wanaoupata, wale waliokwisha kutoka utotoni lakini hawajafikia utu uzima. Katika vijiji vyetu, toka Msowero hata Kilosa na Mikumi, wengi hudhani kwamba ni ugonjwa wa wazee tu. Sivyo. Huwapata vijana pia, ingawa si wengi. Na kwa kuwa si wengi, huchelewa kutambuliwa.

Kijana wa miaka 15 akisema goti lamwuma, huambiwa ameumia mpirani. Akisema amechoka, huambiwa hataki kwenda shamba. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Walakini maumivu ya mfupa yazidiyo usiku, pamoja na uvimbe usiopungua. Matezi ya shingo yaliyovimba majuma mengi. Homa isiyokwisha ingawa damu imepimwa na malaria haikuonekana. Jasho jingi la usiku, kukonda, kupauka, na kutoka damu katika ufizi: hayo si mambo ya kungojea. Uvimbe usikandwe wala usichanjwe. Kijana apelekwe zahanati, na wazazi waombe barua ya kwenda hospitali ya Kilosa, kisha Morogoro, na ikihitajiwa, Dar es Salaam. Huko watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, ambako wodi yao ilihamishiwa mwaka 2011, na watu wazima hutibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Shirika la Tumaini la Maisha hushirikiana na Muhimbili kuwasaidia watoto hao na wazazi wao.

Wengine husema, “Saratani haiponi, nauli ya nini?” Na wakumbuke habari za daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza ugonjwa huo waonekana wapi. Baadaye ilionekana kwamba uvimbe ule, uliokuwa ukiua watoto upesi, waweza kuyeyuka kwa dawa, na wengi wakapona. Saratani nyingine za vijana nazo huponyeka zikiwahiwa.

Lakini kijana ana taabu yake mwenyewe. Akilazwa kati ya watoto wachanga huona haya. Akilazwa kati ya wazee huingiwa na hofu. Kwa ajili hiyo mwaka 1990 hospitali ya Middlesex, mjini London, ilifungua wodi ya vijana wenye saratani peke yao, wakae na wenzao wa rika moja. Sisi wa Msowero hatuwezi kujenga wodi, ila yako mambo yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza ni kweli. Kijana asifichwe ugonjwa wake. Wazazi wakinong’ona nje ya mlango, yeye hujitungia habari za kutisha kuliko zile za daktari. Aruhusiwe kuuliza mwenyewe, hata mambo ya aibu. Dawa nyingine huweza kudhuru uwezo wa kuzaa. Yafaa jambo hilo liulizwe kabla ya kuanza, wala si baada ya miaka, siku ya posa.

La pili ni saburi. Dawa hizi ni kali: nywele hupukutika, kinywa hufanya vidonda, chakula hakipandi. Kisha uvimbe hupungua, na wazazi husema, “Amepona, na mpunga wangojea kuvunwa.” Basi humrudisha nyumbani kabla ya wakati, na ugonjwa hurudi kwa nguvu kuliko kwanza. Wazee wetu walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwenye haki ya kusema dawa zimetosha ni daktari.

La tatu ni shule, na hapa twawaelekea walimu. Mwambieni darasa waziwazi kwamba saratani haiambukizi kwa kula pamoja wala kwa kukaa dawati moja. Jina la mgonjwa lisifutwe katika daftari. Apelekewe masomo na barua za wenzake. Akirudi na kichwa kisicho na nywele, au akitembea kwa magongo, asichekwe, wala asihurumiwe hata akaonekana hafai kwa kazi yo yote. Kijana anayejua kwamba nafasi yake yamngoja huvumilia sindano vizuri zaidi.

Hatimaye, majirani. Mama anayemwuguza mwanawe Dar es Salaam miezi mingi ameacha shamba lisilopaliliwa, na watoto wadogo wasio na mpishi. Mara nyingi hilo ndilo linalomrudisha kabla ya siku, wala si ukosefu wa imani katika dawa. Basi nyumba tano zikigawana jembe, na mbili zikigawana watoto, mama huyo atakaa mpaka matibabu yaishe. Hakuna mtu kati yetu asiyeweza kupalilia mistari michache ya mahindi ya mwenziwe.