NYUMBA NA ELIMU: Mwana anaposomea taarifa za usimamizi

Majira ya kuingia chuo kikuu yanapofika, mashauri marefu huzuka katika nyumba nyingi za kambini na katika kota za polisi. Kijana amekubaliwa katika masomo ya biashara, naye amechagua somo liitwalo mifumo ya taarifa za usimamizi. Baba hudhani kwamba mwana anakwenda kujifunza kupiga chapa. Mama hudhani anakwenda kutengeneza kompyuta zilizoharibika. Jirani naye hushauri kwamba uhasibu ungemfaa zaidi. Kwa kuwa karo ni mzigo mzito kwa mwenye mshahara mmoja, wazazi wana haki ya kujua wanalipia nini.

Twende kwanza mahali ambapo kila askari anapafahamu. Koplo wa zamu huandika matukio ya usiku katika kitabu. Bwana bohari huandika magunia yaliyoingia na yaliyotoka. Karani huhesabu waliopo, wagonjwa na walio likizoni. Taarifa hizo hupanda ngazi kwa ngazi mpaka zimfikie mkuu wa kikosi, ambaye hakuliona gunia hata moja kwa macho yake, lakini ndiye anayepaswa kuamua. Basi elimu tunayoizungumzia ni elimu ya njia hiyo: nani aandike, aandike nini, nani ahakiki, na habari imfikie nani kabla saa ya uamuzi haijapita. Kompyuta ni gari tu la kuchukulia mzigo huo. Gari jipya halifanyi unga ulioharibika kuwa mzuri. Huufikisha upesi tu.

Asili yake yatuthibitishia jambo hili. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi ya kila siku ya biashara haikuwa mali ya benki wala ya kiwanda cha silaha. Ilikuwa ya kampuni ya J. Lyons ya London, iliyouza chai na keki katika mikahawa yake mingi. Mashine hiyo iliitwa LEO, na mwaka 1951 ilianza kupiga hesabu za gharama za mikate na keki. Miaka michache baadaye ilipewa kazi ya maagizo ya mikahawa. Kila mkahawa ulikuwa na orodha yake ya kawaida, na mama msimamizi alipiga simu makao makuu kutaja mabadiliko tu ya siku inayofuata. Yatupasa tuliangalie jambo hilo vizuri. Mashine ilikokotoa, lakini aliyejua kwamba kesho keki zitahitajika zaidi ni yule mama aliyewaona wateja kwa macho yake.

Vyuo vikuu vilifuata baadaye. Chuo Kikuu cha Minnesota, huko Marekani, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kulifanya somo hili kuwa taaluma kamili mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliyeongoza kazi hiyo, Profesa Gordon B. Davis, alitoka katika uhasibu, na kitabu chake cha mwaka 1974 kilieneza misingi ya somo katika vyuo vingi. Ndiyo maana hata leo somo hili hukaa zaidi katika kitivo cha biashara kuliko katika kile cha sayansi. Hapa kwetu Afrika Mashariki pia lina makao: mathalani, Chuo cha Biashara cha Makerere, kilichoko Nakawa mjini Kampala, hutoa shahada ya kompyuta za biashara.

Msomaji aliye jeshini atauliza: elimu hii yanihusu nini mimi? Na atazame kwa jirani zetu wa Kongo. Baada ya vita vya huko, mishahara ya askari ilikuwa ikishuka kupitia mikono ya makamanda, ngazi baada ya ngazi, na fedha zikipungua njiani. Tena makamanda hao hao ndio waliokuwa wakitoa hesabu ya askari walio chini yao. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipeleka ujumbe ulioitwa EUSEC kusaidia marekebisho ya jeshi hilo. Mojawapo ya kazi zake kuu ilikuwa kutenganisha mkondo wa amri na mkondo wa malipo, kuwahesabu askari upya kwa alama za vidole, na kuwapatia vitambulisho. Hayo hayakumaliza kila uovu. Hata hivyo yanaonyesha wazi kiini cha somo hili: anayehesabu watu asiwe yeye yeye anayepokea fedha zao. Kanuni hiyo yaweza kufuatwa kwa kalamu na daftari, na yaweza kuvunjwa kwa kompyuta ya bei kubwa.

Sasa tuutazame upande wa pili, kwani elimu hii ikifundishwa nusu huweza kuangamiza nyumba za watu. Katika miaka ya 1999 na 2000, Posta ya Uingereza iliingiza mfumo wa hesabu uitwao Horizon katika matawi yake. Mfumo huo ulitengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo ni mzao wa makampuni yaliyoungana na ile ya LEO, nayo wakati huo ilikuwa tayari mali ya Fujitsu ya Japani. Upesi wasimamizi wa matawi madogo walianza kuona upungufu wa fedha ambao hawakuweza kuueleza. Mkataba wao uliwataka waufidie. Wengine waliuza mali zao ili walipe, wengine walifungwa, na wengine walijiua. Kati ya mwaka 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani.

Kosa lilikuwa la mfumo wenyewe, si la watu hao. Lakini sheria ya Uingereza iliichukulia kompyuta kuwa yafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na msimamizi wa kijijini hakuwa na njia ya kuthibitisha. Zaidi ya hayo, mafundi wa kampuni waliweza kuingia katika hesabu za tawi wakiwa mbali, na mwenye tawi asijue. Ndipo wasimamizi 555, wakiongozwa na Alan Bates, walipokwenda mahakamani, na mwezi wa Desemba 2019 jaji akaamua kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla.

Mhandisi aliyeitengeneza mashine huenda aliulizwa kama yafanya kazi. Swali la mtu aliyesomea taarifa za usimamizi ni jingine: mtu wa chini akisema hesabu hii si yangu, atasikilizwa na nani, na kwa ushahidi gani? Mfumo usiokuwa na mlango wa malalamiko bado haujakamilika, hata kama unapiga hesabu kwa kasi ya umeme. Askari ambaye makato yasiyoeleweka yametokea katika mshahara wake anaujua uzito wa swali hilo kuliko profesa yeyote.

Basi wazazi wasimkataze kijana, wala wasimpeleke kwa sababu tu jina la kompyuta lavutia. Wamuulize kama anapenda hesabu, kwa kuwa atakutana na uhasibu na takwimu. Wamuulize kama ana subira ya kuwasikiliza watu, kwa kuwa atafundishwa kukaa na karani na bwana bohari, na kuandika hatua za kazi yao kabla ya kugusa mashine. Atajifunza pia jinsi ya kupanga hifadhi ya taarifa, jinsi ya kuilinda, na kuandika programu kwa kiasi. Anayependa kuijua mashine kwa undani, sayansi ya kompyuta itamfaa zaidi.

Kabla muhula haujaanza, mama wa nyumba aweza kumpa mtihani mdogo. Ampe kijana daftari la matumizi ya nyumbani kwa mwezi mmoja: unga, mafuta, sabuni, nauli ya shule. Mwisho wa mwezi asimuulize jumla ni ngapi tu. Amuulize kila tarakimu aliipata kwa nani, ni ipi aliyoibahatisha, na ni uamuzi gani wa mwezi ujao utakaobadilika kwa sababu ya daftari hilo. Akijibu bila kuficha, amekwisha onyesha moyo wa kazi hii. Akileta jumla iliyopendeza ambayo hawezi kuieleza, ni heri aonywe sasa, angali anahesabu sabuni za nyumbani, kabla hajakabidhiwa mishahara ya kikosi kizima.