Ukuta nao ufundishe

Wamama wapenzi, tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, na madarasa yamejaa. Watoto wengi wanagawana kitabu kimoja, na wa nyuma haoni kitu. Basi tupambe kuta ili nazo zifundishe.

Juma hili tulete vipande vya vikwembe na makatoni matupu. Tukate herufi kubwa kuliko kiganja, tuzibandike juu ya katoni kwa gundi ya muhogo: vijiko viwili vya unga, kikombe cha maji, tukoroge motoni mpaka iwe nzito. Kwa hesabu, tutunge vifuniko vya chupa kwenye uzi, kimoja hadi kumi.

Tutundike pande zote, hata nyuma, mahali mkono wa mtoto unafika. Asiye na kitabu atajifunza kwa kugusa.