Mtoto abaki nyumbani, ama aende masomoni?



Mwezi huu wamama watatu wa chama chetu wameniuliza ulizo moja, kila mmoja kwa wakati wake: je, mtu anaweza kumwacha mtoto wa miaka sita nyumbani na kumfundisha yeye mwenyewe, asimwandikishe kwenye primeri? Wa kwanza anaogopa barabara na pikipiki. Wa pili amechoka na migomo ya walimu. Wa tatu anasema kalasi zimejaa mpaka mtoto anaandika juu ya magoti. Nimekawia kuwajibu kwa sababu ulizo hilo liko hata kwangu. Mtoto wetu wa tatu, kijana, alitimiza miaka 6 mwezi wa saba, na ana kigugumizi.

Walio na mtoto wa namna hiyo wanajua. Neno linakwama, anafunga macho, anapiga mguu chini, na neno halitoki. Mwaka uliopita kwenye maternele wenzake walikuwa wanamwigiza. Tangu pale mgeni akimuuliza jina, anajificha nyuma ya kitenge changu. Mama mkwe alitushauri tumshtue wakati hajui, eti kigugumizi kitatoka mara moja. Hatukumshtua.

Baba ya watoto ndiye aliyesema kwanza: «Wewe una diplome ya ISP, unafundisha watoto wa watu. Mwaka huu mmoja fundisha huyu hapa nyumbani, akomae, kisha ataingia.» Hayo ni maneno ya baba anayempenda mtoto wake, na sikuyatupa. Nilikaa nayo majuma mawili.

Nianze na upande wake, kwa sababu una nguvu kuliko walimu wenzangu wanavyopenda kukubali. Mimi ninafundisha mwaka wa pili. Nina watoto 74. Nikitaka kusikiliza kila mmoja akisoma dakika 2 tu, ni dakika 148, karibu masaa mawili na nusu, na asubuhi yote imekwisha bila hesabu wala kuandika. Kwa hiyo siwasikilizi wote. Ninasikiliza 10 leo, 10 kesho, na wengine wanaimba silabi pamoja na kundi. Tangu masomo ya primeri ya serikali yawe ya bure, mwaka wa 2019, watoto wengi waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa feza wameingia, na mimi ninafurahi, wasichana hasa. Lakini kuta za kalasi hazikusogea.

Nyumbani mtoto ni mmoja. Saa moja na nusu kila siku, ukiitumia vizuri, ni nyingi sana kwa mtoto wa miaka sita. Unaanza na Kiswahili, kwa sababu maneno anayajua tayari. Ma, me, mi, mo, mu. Kisha mama, meza, moto, muti. Anaandika kwa kaa la makala juu ya ubao, ama kwa kidole kwenye mchanga. Kwa hesabu unachukua maharagwe na vifuniko vya chupa: kila maharagwe 10 yanabadilishwa na kifuniko kimoja, na siku atakapoona 23 atajua juu ya nini 2 ile si mbili tu. Kifaransa kwa mara ya kwanza kiwe cha mdomo: vitu vya nyumba, salamu, rangi. Hata programu ya taifa inataka mtoto aanze kwa lugha anayoielewa. Masomo mengi ya mji wetu yanakimbilia Kifaransa toka siku ya kwanza kwa sababu wazazi wanapenda kusikia mtoto akiongea kizungu. Wamama, ndiyo maana wengine wanafika mwaka wa tatu wanaimba kitabu kizima bila kukisoma. Fungueni ukurasa katikati, mtaona.

Mwaka wa 2020, masomo yalipofungwa inchi nzima toka mwezi wa tatu kwa ajili ya korona, niliona jambo hilo kwa macho. Watoto waliporudi, wale ambao mtu fulani nyumbani alikuwa akiwasomesha kidogo kila siku, hata kaka wa miaka kumi na tano, walikuwa wamesonga mbele. Wengine walikuwa wamesahau hata kuandika jina.

Sasa upande mwingine. Niliketi na kalamu, nikaandika siku yangu. Saa kumi na moja asubuhi ninaamka. Saa moja na nusu niko kalasini. Saa saba ninarudi, ninapika, ninasahihisha makaye, ninatayarisha masomo ya kesho. Umeme ukiwepo, sawa. Usipokuwepo, ni mshumaa. Saa ya kufundisha kijana ingepatikana jioni. Lakini toka asubuhi mpaka saa saba angebaki na nani? Baba yake yuko kazini. Mama mkwe hawezi tena kukimbia nyuma ya mtoto. Jibu lilikuwa limekaa mezani, na hakuna aliyelisema: dada yake wa miaka 13. «Atakosa siku mbili tatu tu kwa juma.» Wamama, sisi tunajua siku mbili tatu zinakuwa ngapi. Kwenye kalasi yangu nimeona wasichana wakitoka hivyo, polepole, juu ya kuchunga mdogo wao, na wakati wa mtihani jina lao halimo tena. Mama mwenye meza ya ndagala kwenye soko la Kadutu, anayetoka nyumbani kabla ya jua na kurudi usiku, akisema «nitamfundisha mwenyewe», inaomba tumuulize ni nani atakayefundisha kweli.

Na kuna mambo ya sheria. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kulea na kuelimisha watoto wao, na kwenye kifungu kilekile inasema primeri ni ya lazima. Mdogo wangu aliye Marekani ananiambia kule jirani yake anafundisha watoto wanne mezani jikoni, na majimbo yote ya inchi ile yanaruhusu, kila moja na kanuni zake. Kwetu mtoto anajulikana kwa masomo aliyoandikishwa. Huko ndiko anapata buletini, na huko ndiko jina lake linatumwa kwa mtihani wa taifa wa mwisho wa primeri, ENAFEP. Mtoto aliyefundishwa vizuri nyumbani bila buletini atafika siku moja mbele ya mlango wa direktere na hatakuwa na karatasi ya kuonyesha. Aliyechelewa sana ana njia, zile santri za kurekebisha masomo ambapo miaka 6 ya primeri inafanywa kwa miaka 3. Lakini hiyo ni dawa ya aliyekosa, haifai kupangwa toka mwanzo.

Kilichonigeuza hasa kilikuwa kigugumizi chenyewe. Watoto wengi wanaoanza kugugumia wanaanza kati ya miaka 2 na 5, na wengi kinawaacha bila dawa, wasichana kuliko wavulana. Si alama ya ujinga. Na yule mwenye kigugumizi akiimba, ama akisema pamoja na wengine kwa sauti moja, mara nyingi maneno yanatoka bila kukwama. Kijana wangu anaimba kanisani wimbo mzima, na hakuna neno linalokwama. Sasa mwaka wa kwanza wa primeri ni nini, kama si kuimba na kurudia pamoja toka asubuhi? Mahali anapoogopa ni pale anaposimamishwa peke yake. Nyumbani peke yake na mimi angesoma vizuri, ndiyo, lakini woga wake wa watu ungekaa palepale, na mwaka ujao ungekuwa mkubwa zaidi ya yeye.

Kwa hiyo tumemwandikisha, si kwenye masomo ninakofundisha, kwenye yale ya karibu na nyumba. Nilikwenda kumwona mama mwalimu wake kabla ya siku ya kuanza. Nilimwomba amketishe mbele. Nilimwomba muhula wa kwanza asimsimamishe kusoma peke yake. Ajibu kwenye ubao wake mdogo, ama pamoja na jirani. Na anapokwama, mtu asimmalizie neno, wala watoto wasicheke. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia ukweli: «Mama mwalimu, nina 68 tayari, nitasahau.» Nikamwandikia kwenye kikaratasi, akakibandika ndani ya rejista. Na baba ya watoto alipata lake pia: jioni saa moja ya kusoma, yeye siku tatu, mimi siku tatu. Kama Noeli ikifika na mtoto amenyamaza zaidi, tutaketi tena. Sijamwambia baba yake kwamba jambo limekwisha, kwa sababu halijakwisha.

Sasa wamama wangu watatu. Wewe wa barabara: tafuta wazazi wanne wa mtaa wako, kila mmoja apeleke watoto wote siku yake, inagharimu asubuhi moja kwa juma. Wewe wa migomo: mwandikishe, na wakati walimu wanakaa, mfundishe saa moja nyumbani kama nilivyoeleza hapo juu, usingoje. Na tusitukane walimu wale, nao wana watoto wa kulisha. Wewe wa kalasi iliyojaa: una haki kabisa, nami ninaungana nawe kwenda kwa kamati ya wazazi. Lakini usimtoe mtoto. Mama ambaye mtoto wake ni mgonjwa, ama daktari amemkataza kutoka, huyo hali yake ni nyingine. Aje tuzungumze mimi na yeye, na tutamwomba direktere amwandikishe hata hivyo ili jina lisipotee.

Kwenye mkutano wa siku ya posho nitaleta mbao ndogo tano ambazo mume wa mama mmoja ametuchongea kwa mabaki ya mbao. Aliye na vitabu vya kusoma vya zamani, hata vilivyokatika jalada, avilete. Juma lijalo nitaandika juu ya repetitere: namna ya kumchagua, na saa ngapi zinatosha.