Samaki Wenu Kabadilika? Msianze Kulaumiana

Mwezi huu tunaingia sebuleni kwako. Siku hizi vijana wengi wakishahamia kwao, baada ya sofa na tivii kinachofuata ni tangi la samaki. Linapendeza, linatuliza kichwa baada ya kazi, na wageni hawaachi kulisifia.

Kasheshe huanza samaki anapobadilika. Jana alikuwa mchangamfu, leo kajibanza kwenye kona, hataki kula, au kawa mkorofi ile mbaya. Mume anasema, "Wewe unawalisha kupita kiasi." Mke naye, "Na wewe hilo filta umelisafisha lini?" Kesho yake samaki anaelea, na ndani ya nyumba hakuna anayemsemesha mwenzie.

Kabla hamjafika huko, jueni kwanza samaki wenu ni wa wapi. Wale wenye rangi kali za njano, bluu na chungwa, ambao wageni hudhani ni wa baharini, mara nyingi asili yao ni Ziwa Nyasa. Ukitoka Matema, wilayani Kyela, ukaelekea Ikombe, mchanga unaisha na mawe ya Milima ya Livingstone yanaingia majini. Kwenye mawe kama hayo ndiko samaki wa aina hii wanakoishi. Wenzetu wa Malawi huwaita mbuna, na jina hilo limeenea duniani. Kwa hiyo usikimbilie kuwatilia chumvi. Nyasa ni maji baridi, ila yana alkali kiasi, pH kama 7.7 hadi 8.6, na joto wanalolipenda ni nyuzi 24 hadi 28.

Sasa shika hii: wakibadilika wote kwa pamoja, anza na maji. Akibadilika mmoja, anza na wenzake.

Wote wako juu wanahema
Hili ni la haraka. Umeme ulikatika usiku? Pampu ikisimama, oksijeni hupungua, na maji ya joto huhifadhi oksijeni kidogo zaidi. Kama umeme ulikuwepo, fikiria amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki. Tangi jipya ndilo lenye hatari zaidi, maana bakteria wanaoisafisha huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Punguza chakula, badili robo ya maji, na maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke. Usioshe filta kwa maji ya bomba, utawaua bakteria hao. Lisuuze kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi.

Mmoja kagoma kula
Mtazame taya. Kama limevimba na anajificha, huenda ni mama mtarajiwa. Jike la mbuna hutunza mayai na watoto mdomoni kwa kama wiki 3, na muda wote huo hula kidogo sana au hali kabisa. Msimsumbue. Lakini kama kilichovimba ni tumbo, na kinyesi ni cheupe kama uzi, huo ni ugonjwa. Mbuna wengi hula mwani unaoota kwenye mawe, kwa hiyo nyama ya ng'ombe si chakula chao, hata kama mnawapenda vipi.

Mmoja kawa mbabe
Dume likishapata jiwe lake hutaka kila mtu ahame. Mnyonge hupauka rangi, mapezi huchanika, hujibanza juu kwenye kona. Hapa wapenzi wengi hukosea: wananunua dume moja na jike moja, eti nao wawe "couple". Dume litamkimbiza jike hilo mpaka afe. Liwekeeni majike matatu au zaidi ili vurugu zigawanyike. (Kaka zangu, hii ni kwa samaki tu, msiilete kwenye ndoa!) Pia ongezeni mawe na muyapange upya, kila mmoja aanze kutafuta makazi sawa na mwenzake.

Mmoja kabadili rangi
Si lazima awe mgonjwa. Kuna mbuna wa Kisiwa cha Mbenji, Malawi, anayeitwa Maylandia lombardoi. Utotoni ni wa bluu, na dume likikomaa hugeuka njano. Baharini kuna makubwa zaidi. Yule samaki wa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, katika jamii yake mkubwa ni jike, na akifa, mume wake hugeuka kuwa jike na kushika nafasi. Wenye tangi la maji chumvi, msishangae.

Mmoja kalala ubavu mchangani
Kama ni yule mkubwa mwenye mabaka, Nimbochromis livingstonii, subiri kwanza. Malawi wanamwita kaligono, yaani mlalaji. Hujifanya mzoga, samaki wadogo wakisogea kudonoa, anawameza. Mkimtupa mmetupa mzima.

Na ikitokea mmeshindwana naye kabisa, mtafutieni mfugaji mwingine. Msimwachie ziwani, hata kama mko Kyela na mnaona mnamrudisha kwao. Samaki wa dukani anaweza kubeba ugonjwa, na kila mwambao wa Nyasa una aina zake.

Mwisho, wekeni daftari karibu na tangi. Andikeni siku mliyobadili maji, chakula mlichotoa, saa umeme ulipokatika, na nani kafanya nini. Samaki akibadilika tena, mtafungua daftari pamoja badala ya kunyoosheana vidole. Nakuhakikishia, wengi wao watapona kabla hamjanuniana.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni!