Adhabu ya mbali haimzuii dereva

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii huchukulia kuwa guu litavunjika kila mara. Katika mteremko wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa, kwenye barabara kuu ya Eldoret na Nakuru, mambo sivyo yalivyo. Dereva wa lori huondoa gia ili gari literemke lenyewe na mafuta yabaki kwenye tangi. Akifika salama, amepata faida siku iyo hiyo. Kesho atarudia.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alishikilia kwamba tendo linalofuatwa na tuzo hurudiwa. Tuzo ya papo hapo, hata ikiwa ndogo, humvuta mtu kuliko hatari kubwa iliyo mbali. Ndiyo sababu mahubiri baada ya kila ajali hayafui dafu. Mnamo Januari 31, 2009, watu zaidi ya 100 waliangamia Sachangwan walipokuwa wakichota petroli iliyomwagika, lori likateketea. Mnamo Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana huko Migaa, watu 36 wakafa. Machozi yalikauka, mazoea yakabaki.

Hata hivyo, tabia hubadilika. Mnamo Februari 2004, Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alipolazimisha mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika matatu, gari lililokaidi liliondolewa barabarani mara moja. Utiifu ulionekana kwa muda mfupi. Ulififia msako ulipolegea, kwani dereva alijifunza upya kwamba kosa halina gharama.

Baada ya mkasa wa Migaa, Serikali ilijenga ukuta wa kutenganisha magari yanayopanda na yanayoteremka. Ukuta hauhubiri wala haupokei kitu kidogo. Hauna siku ya kulegea.

Hapo ndipo penye funzo kwa wakuu wetu. Kuongeza ukali wa faini ambayo dereva anaweza kuikwepa kwa noti chache ni kujidanganya, maana faini hiyo hugeuka kuwa ada ya kuvunja sheria. Afadhali adhabu ndogo isiyokosa kuliko kubwa isiyofika. Na mwenye lori naye amlipe dereva ujira wa haki, ili asitafute riziki katika mafuta anayobakiza mteremkoni.