Urani Ikipatikana Ushago Kwenu, Usikimbie Kuuza Shamba

Kila serikali ikitaja madini, base za Kibera na Kawangware hupata wataalamu wapya. Mwaka 2023 ilipotoa orodha ya madini 14 ya kimkakati, yale ya nyuklia kama urani yakiwa ndani, hesabu za matrilioni zilianza. Na si wasee wa base pekee. Ikitangazwa kwamba ndege zilizopima nchi nzima zimeona sehemu 970 zenye dalili za madini, vichwa vya habari huandikwa ni kama chapaa iko benki tayari.

Hii stori inatugusa kwa sababu karibu kila mtu mtaani ana ushago. Kibera kuna wengi wa Siaya, kaunti ambayo serikali inataka kujenga kinu cha nyuklia baada ya watu wa Uyombo, Kilifi, kuandamana 2024 wakikataa. Kawangware imejaa watu wa Kakamega na Vihiga, na hao wameona vile dhahabu ya Ikolomani ilileta noma: mkutano wa maoni ya wananchi Desemba 2025 uliisha na vifo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kinu cha nyuklia si mgodi. Siaya ikipata kinu, mafuta yake yatanunuliwa nje yakiwa yameshatengenezwa, kazi inayofanywa na nchi chache sana duniani. Kinu kuwa Lwanda Kotieno haimaanishi kuna urani chini ya Lwanda Kotieno. Broka akikuambia hivyo, jua anatafuta shamba ya bei ya kutupa.

Sasa hizo ndege. Hubeba mashine ya kusoma miale inayotoka kwa mawe, lakini hata mawe ya kawaida kama granaiti hutoa miale kiasi, na mashine yenyewe husoma kama nusu mita tu ya juu ya udongo. Dalili ni mahali pa kuanzia. Baada ya hapo wanajiolojia hutembea na miguu, wanabeba sampuli, halafu mashine ya kutoboa inaletwa. Mashimo mamia, sampuli maabara, miaka inapita. Hapo ndipo unajua una tani ngapi za mwamba na kila tani ina gramu ngapi. Kama italipa, hilo ni swali lingine kabisa.

Mfano uko kwa jirani. Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, Tanzania, kuna mradi wa Mto Mkuju. Wajerumani walitafuta urani huko kusini tangu mwisho wa miaka ya 1970. Miaka ya 2000 kampuni ya Australia, Mantra, ikarudi na kutoboa mpaka ikapata kitu cha maana: mwamba wa kama tani milioni 180. Lakini kila tani ina gramu kama 300 hivi za oksidi ya urani. Yaani unasaga lori la tani kumi upate kilo tatu. Hizo kilo tatu zinapanda meli. Zingine zote zinabaki pale zikiwa mavumbi na matope, na karibu asilimia 85 ya miale inabaki nazo. Wenye mto karibu ndio wanafaa kuuliza hiyo takataka italindwa na nani mgodi ukifungwa.

Desemba 2010, ARMZ ya Urusi, iliyo chini ya Rosatom, ilikubali kununua Mantra kwa dola 8 za Australia kwa kila hisa. Machi 2011 tsunami ikapiga kinu cha Fukushima kule Japani, na Warusi wakarudi mezani. Hisa ikaenda kwa 7.02. Mwamba wa Namtumbo haukuwa umebadilika hata kidogo.

2012 UNESCO ikakubali mpaka wa pori la Selous usogezwe kupisha mradi. 2013 leseni ya kuchimba ikatoka. Halafu kimya. Ratili ya urani iliyopita dola 130 mwaka 2007 ilishuka chini ya 20 mwisho wa 2016, mradi ukawekwa kando. Januari 2024 bei ilipita 100, na Namtumbo ikakumbukwa. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda pale, na hata hicho ni cha majaribio. Kile kikubwa, cha hadi tani 3,000 kwa mwaka, kimepangiwa 2029. Mtoto aliyezaliwa Mantra ikianza kutoboa leo ana kitambulisho.

Na si kila utafiti hufika huko. Bahi na Manyoni, katikati ya Tanzania, urani iko karibu juu kabisa, imeshikana na vanadi kwa jiwe la njano linaloitwa karnotaiti. Vanadi huongezwa kwa chuma ili kiwe ngumu, pia hutumika kwa betri kubwa za kuweka stima. Madini mawili, shimo moja fupi, ungedhani ni dili safi. Uranex ya Australia ilipima Manyoni, ikatoa makadirio, baadaye ikabadilisha jina kuwa Magnis na kugeukia grafaiti. Mgodi haukuja.

Sisi wenyewe tuna Mrima, Kwale. 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza madini adimu ya dola bilioni 62.4. Mwaka huo huo leseni ikafutwa, kesi ikafika kwa wasuluhishi wa Benki ya Dunia, Kenya ikashinda 2018. Hizo bilioni bado ziko chini ya mlima.

Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini ni ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya jikoni ya mathako. Mrabaha ni asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Mwenye shamba hulipwa fidia ya ardhi, na hapo ndipo watu wa mtaa huumia. Kibera wanajua vizuri: Julai 2018 nyumba zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na asiye na karatasi hakuwa na pa kushika. Ushago ni vile vile. Wengi wetu title bado iko kwa jina la babu aliyeaga kitambo, na binamu aliyebaki nyumbani ndiye anaongea na wageni wenye GPS.

Kwa hivyo msee akikuambia urani imepatikana kwenu, muulize mashimo yaliyotobolewa ni mangapi, kila tani ina gramu ngapi, na kama leseni ni ya kutafuta au ya kuchimba. Ukienda nyumbani Krisi, pitia kwa chifu. Barua yake ndiyo huanzisha kesi ya mirathi, na kesi yenyewe huchukua miezi, kwa hivyo afadhali ianze kabla hao wageni hawajaweka vigingi.