Shibe Peke Yake Si Maisha

Miaka michache iliyopita nilirudi kutoka Uganda, nikakaa na wazee wenzangu matangani hapa Kibosho. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu, aliyesomesha watoto 6 kwa kahawa na ndizi za kihamba chake, akaniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, ni kweli umepanda basi usiku na mchana kwenda kutazama nyani wakinywa uji, na huku chini mjini Moshi kuna watoto wanaolala bila uji?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana matangani si mahali pa kubishana. Lakini swali lile sikulisahau. Nimekuwa mwalimu mkuu, kisha mkufunzi wa chuo cha ualimu, na sina mazoea ya kuacha swali ubaoni bila jibu.

Kwanza nisahihishe neno. Sikwenda kutazama nyani. Nyani ana mkia, sokwe hana. Niliokwenda kuwaona ni sokwe wa Ngamba, kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria, mwendo wa boti kutoka Entebbe, ambako tangu mwaka 1998 wanalelewa sokwe yatima. Neno yatima silitumii kwa mapambo. Mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka 4 au 5, na muda huo wote hushikamana na mama yake. Hakuna mama anayemtoa kwa hiari. Anayemtaka mtoto humwua mama, na mara nyingi huwaua na wengine waliokuja kumtetea. Nyama huliwa, na mtoto huuzwa kwa mwenye fedha anayetaka kichekesho cha uani. Wale wanaobahatika kunaswa na serikali ndio wanaofikishwa Ngamba. Au Sweetwaters, karibu na Nanyuki huko Kenya, makao yaliyofunguliwa mwaka 1993 kuwapokea sokwe waliohamishwa kutoka Bujumbura wakati Burundi ilipoingia vitani. Au Lwiro, karibu na Bukavu, yaliyoanza mwaka 2002.

Basi uji ule si sadaka. Ni deni. Binadamu ndiye aliyemwua mama. Binadamu na amlishe mtoto. Na deni lenyewe ni refu, kwa sababu sokwe anayetunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Aliyeokolewa akiwa mchanga leo, atahitaji mlezi wakati mimi na mwenzangu wa matangani tumekwisha sahauliwa.

Hadi hapa wengi watakubali. Ugomvi wangu mkubwa ni na wale wanaokubali halafu wanasema: "Haya, walisheni washibe, mfunge geti, yaishe. Hayo mengine ya kuwatafutia michezo ni anasa ya Wazungu." Hao ndio ninaotaka kuwajibu, kwa kuwa zamani nami nilikuwa mmoja wao.

Mwaka 1983, katika shule niliyoiongoza, wanafunzi waliniletea kima mdogo aliyekamatwa mashambani kandokando ya msitu. Nikaruhusu afungwe kwa mnyororo chini ya mgrevilea, karibu na jiko. Hakupata njaa hata siku moja. Alipewa makande, ndizi mbivu, maganda ya viazi, na wakati mwingine mkate. Wageni walipofika niliwaonyesha, nikisema kima huyu anakula vizuri kuliko walimu wangu. Nilisema kweli. Lakini ilipofika mwaka wa pili alikuwa amechimba duara kwenye udongo kwa kuzunguka mti ule, na mkono wake mmoja haukuwa na manyoya, kwa kuwa aliyang'oa mwenyewe, unyoya mmoja mmoja, kutwa. Siku moja alimwuma mtoto wa darasa la tatu. Wazazi wakaja juu, nami nikatoa idhini auawe. Aliuawa kwa mawe, nyuma ya jiko. Yule mtoto alipona. Mimi niliandika katika daftari la shule kwamba mnyama mkali ameondolewa. Hakuwa mkali alipoletwa. Sisi ndio tuliomfanya hivyo, na tulimfanya hivyo akiwa ameshiba.

Nilichokosa kuelewa wakati ule ni hiki: kwa mnyama mwenye akili, chakula si kile kinachoingia tumboni tu. Chakula ni kazi yake, ni safari yake, ni shule yake. Sokwe wa porini hutumia karibu nusu ya mchana akitafuta na kula. Lazima akumbuke mkuyu upi umeiva, ajue bonde la kupitia, apasue, amenye, asubiri. Novemba 1960, huko Gombe, Jane Goodall alimwona sokwe akiingiza ujani mwembamba katika tundu la kichuguu, akauvuta taratibu ukiwa umejaa mchwa, akawala. Dunia ya wasomi ilitikisika, kwani walikuwa wakifundisha kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Nasi Watanzania tusisahau kwamba habari hiyo ilitoka Kigoma. Sasa mchukue kiumbe huyo, mwagie ndoo ya matunda mbele yake saa 2 asubuhi. Kwa dakika 15 amekwisha kula. Saa zilizobaki afanye nini? Atazunguka mti.

Ndiyo maana walezi wanaojua kazi yao hawamwagi chakula, bali hukificha. Hutawanya njugu na mbegu katika nyasi ndefu ili zitafutwe moja moja. Hutoboa gogo, wakatia asali au uji mzito katika matundu, na sokwe akatafuta kijiti kinachofaa, akakichonga kwa meno, akachokonoa. Hugandisha matunda ndani ya barafu. Huwapa matawi yenye majani ili walalie, kwa sababu sokwe wa porini hutandika kitanda kipya kila jioni. Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mlezi anayefikiri. Pale Ngamba msitu wote ni kama ekari 100 tu, na sokwe ni karibu 50, hauwezi kuwalisha. Kwa hiyo huletewa chakula mara kadhaa kwa siku, na jioni wengi hurudi ndani kwa uji na vitanda vya kuning'inia. Lakini saa za katikati ni zao, na msitu ni wao. Niliona jike mmoja amekaa na kijiti chake kwa muda mrefu bila kuinua macho. Nilikumbuka mwanafunzi anayekaribia jibu la hesabu. Mwanafunzi kama huyo mwalimu mwenye busara hamsemeshi.

Wala nisidanganye kwamba kulisha ni jambo jepesi. Huko huko Gombe, watafiti waliwapa sokwe wa porini ndizi kambini ili wawaone kwa karibu. Matokeo yake sokwe wengi walirundikana mahali pamoja, wakagombana wenyewe kwa wenyewe na kugombana na nyani. Ugawaji ukapunguzwa, na mwaka 2000 ukaachwa kabisa. Ndizi zilikuwa njema, nia ilikuwa njema, lakini namna ya kutoa ilikuwa mbaya. Chakula kikiwa rundo moja, mwenye nguvu hukalia rundo. Kikitawanywa, hata mnyonge hupata. Nadhani hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kusimamia bwalo la shule ya bweni.

Sasa nirudi kwa mwenzangu wa matangani. Kuhusu watoto wasio na uji, yuko sahihi kwamba ni aibu. Lakini sufuria ya Ngamba haikuchotwa katika sufuria ya watoto wa Moshi. Wanaotoa fedha kwa ajili ya sokwe ni wageni wanaolipa kiingilio na wafadhili wanaotoa kwa shabaha hiyo. Ukiifunga Ngamba kesho, hakuna mtoto wa Njoro atakayeongezewa kijiko. Tena tazama: tulipokunywa mbege siku ile ile, hakuna aliyeuliza ulezi ule ungepika uji wa watoto wangapi. Swali la watoto wenye njaa lisiwe fimbo ya kumpigia kila anayetenda wema mahali pengine. Liwe swali letu kila siku, hata pasipo sokwe.

Alinibana mahali pamoja, nami nakiri. Aliponisindikiza njiani aliniambia: "Mwalimu, ng'ombe wako amesimama bandani miaka 7, majani anakatiwa na kuletewa. Yeye hana akili?" Sikuwa na jibu zuri. Ningeweza kusema kwamba ng'ombe amefugwa tangu enzi na enzi, naye sokwe ameporwa jana. Hiyo ni kweli, lakini jioni ile nilikwenda bandani nikamtazama ng'ombe wangu kwa namna nyingine. Tangu hapo namfungulia uani asubuhi. Hoja ya mwenzangu haikuvunja yangu. Iliipanua.

Na isidhaniwe nasifu makao haya kama peponi. Mahali pa sokwe ni msituni. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wakiishi Ulaya katika mabustani ya wanyama walifunguliwa katika kisiwa cha Rubondo, upande wetu wa Ziwa Viktoria. Walijifunza upya kujitafutia, wakazaa, na wazao wao wapo hadi leo bila kuletewa ndoo. Ngamba haiwezi hivyo. Ni ndogo, na majike hupewa dawa ya kuzuia mimba ili idadi isizidi. Makao ya yatima ni ushahidi wa kushindwa kwetu. Kazi ya kwanza ni kulinda Gombe, Mahale na misitu inayoziunganisha, ili yatima wasipatikane. Hapa juu yetu Mweka, tangu mwaka 1963, kuna chuo kinachofundisha watunzaji wa wanyamapori kutoka nchi nyingi za Afrika. Sisi tunaoishi chini ya chuo hicho hatuna udhuru wa ujinga.

Ndugu msomaji, labda hutafika Ngamba. Lakini kima na mbega wako juu ya kihamba chako. Usimrushie kima ndizi ukingoni mwa msitu ili wajukuu wacheke. Unamfundisha kuvamia shamba la jirani, na jirani ana panga. Usinunue mnyama wa porini, hata ukiambiwa ameokotwa. Na ukiwa mwalimu au mzazi, usijisifu kwamba wanao wanashiba, ukaishia hapo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya siku iliyo tupu aijua aliyefungwa kwenye mti. Mgrevilea ule ulikatwa siku nyingi. Duara lile, mara ya mwisho nilipopita, nyasi zilikuwa hazijaota vizuri.